Ni nani aliyesema bundi ni hekima?

Mnamo mwaka wa 1963, mvulana wa umri wa miaka 16 aliyekuwa akisoma shule ya upili mjini San Diego, katika jimbo la California nchini Marekani, alichoshwa na somo la Kiingereza. Si kwamba hakupenda vitabu. Alivipenda mno, na tayari alikuwa amekwisha kuliuzia jarida moja hadithi yake ya kwanza ya kisayansi. Kilichomuudhi ni ada iliyotamalaki darasani mwake: kila kitabu walichokifungua, wanafunzi walitakiwa wawinde taashira. Mto haukuruhusiwa kuwa mto, wala mti kuwa mti. Mvulana huyo, Bruce McAllister kwa jina, alishuku kwamba walimu walikuwa wakiviona vitu ambavyo waandishi hawakuviweka, na akaazimia kuukata ubishi huo kwa njia ambayo ni kijana tu awezaye kuifikiria. Alitunga hojaji ya maswali manne, akatoa nakala, akazituma kwa posta kwa waandishi 150 waliosifika wakati huo.

Maswali yenyewe hayakuzunguka. Je, wewe hupanga na kuweka taashira kwa makusudi unapoandika? Je, wasomaji wamewahi kudai kwamba wameona taashira katika kazi yako mahali ambapo hukuikusudia? Je, unadhani watunzi wa kazi bora za kale walizipanga taashira zao kwa makusudi? Je, una neno jingine la kuongeza?

Waandishi 75 walimjibu. Naomba msomaji asiipite idadi hiyo haraka. Nusu kamili ya watu aliowaandikia, baadhi yao wakiwa vigogo wa fasihi ya Marekani, walitenga wakati wakamjibu mtoto wa shule wasiyemjua. Wapo wenzangu katika vyuo vikuu ambao hawajibu barua za wanafunzi wao wenyewe.

Na majibu yalikuwaje? Jack Kerouac alisema kwamba taashira haina ubaya kwa wanaobuni hadithi, ila yeye husimulia tu mambo ya kweli yaliyowapata watu aliowajua. Ayn Rand hakujibu bali alikaripia: fasili aliyoitoa kijana huyo haikuwa fasili, kwa hiyo maswali yake hayakuwa na maana. John Updike alimshauri kwamba ni afadhali jambo la aina hii alifikirie mwenyewe. Ray Bradbury alieleza kuwa hapandi taashira kwa kujua, kwa sababu mtunzi anayejichungulia huku akitunga huiua kazi yake. Afadhali kuiachia akili ya ndani ifanye yake. Norman Mailer alisema taashira zilizo bora ni zile ambazo mwandishi huzitambua baada ya kumaliza kuandika. Lakini jibu ambalo mimi nalitukuza kuliko yote ni la Ralph Ellison. Kwa maoni yake, taashira huchipuka kutokana na tendo. Mwandishi akishaing'amua, anaweza kuitumia kwa makusudi kama nyenzo ya sanaa yake. Ila ile inayobandikwa kutoka nje humwacha msomaji na kinyongo, kwa kuwa anahisi ameongezewa kitu kisichohusika.

Nimekisimulia kisa hiki kwa kirefu kwa sababu walimu wenzangu na wanafunzi wao watajiona ndani yake. Ingia katika darasa lolote la kidato cha tatu hapa nchini wakati wa kipindi cha kitabu teule, kiwe cha Kiingereza au cha Kiswahili, uyatazame madaftari. Aghalabu utaona ukurasa uliogawanywa kwa rula. Upande wa kushoto: nuru, giza, mto, barabara, mvua, mlango uliofungwa. Upande wa kulia: matumaini, ujinga, uhai, safari ya maisha, huzuni, kutengwa. Jedwali hilo limenakiliwa kutoka kwa mwongozo, na mwongozo huo nao umenakili kutoka kwa mwongozo mwingine wa kitabu kingine kabisa, maadam nuru ni nuru popote ilipo. Mwanafunzi hulikariri jinsi alivyokariri jedwali la kuzidisha katika shule ya msingi, akaenda nalo katika chumba cha mtihani.

Simlaumu mwalimu peke yake. Mwenye wanafunzi hamsini darasani, na mtihani wa taifa unaomkodolea macho kutoka Januari hadi Novemba, atafundisha kile kinachopatiwa alama. Hata hivyo, jedwali hilo ni la uongo. Sisemi kwamba limerahisishwa kupita kiasi, la hasha. Nasema ni la uongo, na mwanafunzi aliyelelewa nalo hutujia chuo kikuu akiwa amefundishwa kutosoma.

Tuchukue nuru, iliyo mashuhuri kuliko zote. Katika Al-Inkishafi, utenzi alioutunga Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir mapema katika karne ya 19 akiyatazama magofu ya Pate, taa inawaka kwenye upepo, na ikizimika hakuna wa kuizuia isizimike. Hiyo ni nuru, tena katika mojawapo ya kazi kuu kabisa za lugha yetu. Je, inaashiria matumaini? Mwanafunzi wa jedwali ataandika hivyo, ilhali mshairi anaonyesha jinsi utajiri na uhai wenyewe ulivyo mwepesi wa kutoweka. Taa ile ile ikiwekwa dirishani na mama anayemsubiri mwanawe arudi kutoka baharini itasema jambo jingine kabisa. Maana haimo ndani ya taa. Imo katika mahali taa ilipowekwa, katika mkono ulioiwasha, na katika upepo unaovuma karibu yake.

Au tuchukue mvua. Katika riwaya nyingi za Kiingereza mvua inaponyesha ujue msiba hauko mbali: mazishi hufanyika katika mvua, wapenzi huachana katika mvua. Hilo lina mantiki yake kwa watu wa kisiwa chenye mawingu mwaka mzima. Lakini mpe kitabu hicho mtoto wa Kitui au wa Wajir, ambaye wazazi wake wametazama mbinguni kwa misimu mitatu, umwambie kwamba mvua ni huzuni. Atakuandikia hivyo ukitaka. Ni mtoto mtiifu. Ila moyoni atakuwa amejifunza kwamba fasihi ni mahali ambapo mtu huyaacha aliyoyaona kwa macho yake mlangoni, kama viatu. Sizungumzi hapa juu ya theluji na majira ya kuchipua, mambo ambayo tumewafundisha watoto wa ikweta kuyalilia kwa miaka zaidi ya mia moja.

Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili aliwahi kuliandikia jambo hili tafakuri ambayo sijaisahau. Alikumbuka kipindi cha Kiingereza alipokuwa katika kidato cha pili. Katika hadithi waliyokuwa wakiisoma, bundi alitua juu ya paa la nyumba. Mwalimu akauliza bundi yule anaashiria nini. Msichana huyu akainua mkono akasema: kifo. Mwalimu akamwambia amekosa, bundi ni hekima, na darasa likacheka. Kwao, bundi akilia juu ya paa usiku, hakuna anayengoja kupewa hekima. Bibi yake hutoka na kijinga cha moto kumfukuza, na asubuhi jamaa hujuliana hali kwa haraka isiyo ya kawaida. Alinyamaza. Anasema kwamba hakuinua mkono tena katika somo hilo kwa muda wa mihula miwili.

Hebu tuitazame hekima hiyo ya bundi ilikotoka. Ni ya Wayunani wa kale. Bundi alikuwa ndege wa Athena, mungu wao wa kike wa maarifa. Alichorwa kwenye sarafu za mji wa Athens, na hadi leo sarafu ya yuro moja ya Ugiriki inayo picha yake. Warumi wakamrithi na kumpa mungu wao Minerva. Kutoka huko akaingia katika nembo za shule na vitabu vya watoto vya Ulaya, na hatimaye katika daftari la mwalimu wetu. Sasa, je, hiyo ndiyo maana ya bundi katika fasihi ya Kiingereza? Wala si hivyo! Katika Macbeth ya Shakespeare, usiku ule mfalme anapouawa kitandani, mke wa Macbeth anamsikia bundi na kumfananisha na mpiga kengele ya mauti. Katika mchezo wa Julius Caesar, ambao Mwalimu Nyerere aliuchapisha kwa Kiswahili mwaka uo huo wa 1963, ndege wa usiku anaketi sokoni mchana kweupe, na watu wanajua kwamba kuna shari inayokuja. Msichana wetu alikuwa amesimama upande mmoja na Shakespeare, na darasa zima likamcheka.

Tafakuri yake haikuishia hapo. Akiwa chuoni, katika kozi ya utangulizi wa falsafa, alikutana na kauli mashuhuri ya Hegel katika dibaji aliyoiandika mwaka wa 1820: kwamba bundi wa Minerva huanza kuruka magharibi inapoingia. Wahadhiri hufafanua kwamba bundi huyo ni falsafa, na kwamba falsafa huelewa zama fulani pale tu zama zenyewe zinapokwisha. Msichana huyu akaandika kwamba alipoisoma kauli hiyo alimwona bibi yake na kijinga cha moto. Kwa sababu, alisema, bundi wa Hegel na bundi wa kwao si ndege wawili. Anayekuja kueleza maana ya kitu wakati kitu chenyewe kinakufa ni mleta habari za msiba, hata kama ana shahada. Nimefundisha isimu kwa miaka mingi, na nimesoma maelezo mengi ya sentensi hiyo ya Hegel; ni machache yaliyonifikirisha kama hayo ya binti aliyekuwa amenyamazishwa kwa mihula miwili.

Hapo yamkini msomaji atadhani kwamba ninamuunga mkono McAllister moja kwa moja: kwamba tuwaulize waandishi, na wakisema hawakukusudia taashira, tufunge vitabu. Hapana. Katika hilo kijana yule alikosea, ingawa alikosea kwa ushujaa. Kosa lake ni la kuamini kwamba mtengenezaji wa kitu ndiye shahidi wa mwisho kuhusu kitu hicho, na sisi wanaisimu tuna sababu nzuri ya kutoliamini jambo hilo. Msikilize mtoto wa miaka mitano wa Mombasa au Lamu. Atasema "kiti hiki," "kisu hiki," "kikapu hiki." Kisha atasema "kipofu huyu," si "kipofu hiki." Ni nani aliyemfundisha kwamba nomino ya kiumbe chenye uhai, hata ikiwa imevaa kiambishi cha ngeli ya vitu, huchukua upatanisho wa watu na wanyama? Hakuna. Mwulize mama yake sababu, atakucheka na kukwambia ndivyo inavyosemwa. Wote wawili wanaitii kanuni ambayo hawawezi kuitaja, na wakikwambia kwamba hawaijui kanuni yoyote, watakuwa wakisema kweli. Lakini kanuni ipo.

Basi mwandishi akisema "sikukusudia," anatueleza habari za nafsi yake, si za maandishi yake. Bradbury na Mailer walilijua hilo, ndiyo maana majibu yao yanamsaidia mwalimu wa yule kijana kuliko alivyotarajia kijana mwenyewe. Wahakiki Wimsatt na Beardsley walikwisha kulitilia nguvu jambo hili katika makala yao ya mwaka wa 1946, na Mfaransa Roland Barthes akaja kulitangaza kwa kishindo mwaka wa 1967 kwa kumzika mtunzi akiwa hai. (Barthes alipenda vishindo.) Lakini kwetu sisi, aliyelisema kwa uketo zaidi ni Ebrahim Hussein, naye hakulisema kama nadharia. Alilitia katika mchezo wa kuigiza.

Wanaoijua Kinjeketile, tamthilia yake iliyochapishwa mwaka wa 1969, wanaikumbuka habari ya maji. Kinjikitile wa historia aliishi Ngarambe, kusini mwa Tanganyika. Aliwapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani, akanyongwa mnamo Agosti 1905, mwanzoni kabisa mwa Vita vya Maji Maji vilivyoendelea hadi mwaka wa 1907. Katika tamthilia, maji hayo ndiyo yanayowaunganisha watu waliokuwa wakidharauliana kwa ukabila. Kinjeketile mwenyewe anaanza kuyatilia shaka, anawasihi wangoje, hawangoji. Neno alilolizaa limekuwa kubwa kuliko yeye. Na mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa.

Nawaomba walimu wamweke McAllister na hojaji yake mbele ya Kinjeketile aliyefungwa. Je, ulikusudia? Je, maji yalikuwa na nguvu kweli? Jibu lolote ambalo Kinjeketile angelitoa lisingeweza tena kuyafuta maji yale, kwa sababu hayakuwa yake. Maelfu ya watu walikuwa wamekwisha kuyafanya kuwa umoja wao, na wengine wamekwisha kuyafia. Taashira hapo si pambo ambalo mtunzi alilichomeka ili mtahini apate swali la alama nne. Ni tukio. Watu walikufa kwa sababu yake. Tena, zingatia kwamba Hussein haelezi maji yanaashiria nini. Anaonyesha yanafanya nini. Ellison alilitaka hasa jambo hilo aliposema kwamba taashira huchipuka kutokana na tendo.

Kama nia ya mwandishi haitoshi, na jedwali ni la uongo, je, mwanafunzi ashike lipi? Au kila mtu aseme apendavyo? Hapa ndipo ninapotaka kuwapa walimu chombo kimoja kutoka karakana ya isimu. Tunapotaka kujua kama sauti mbili zina kazi tofauti katika lugha, tunaibadilisha moja kwa nyingine na kutazama kinachotokea. Badilisha /p/ kwa /b/ katika "pata," utapata "bata," na ndege ameingia mahali pa kitenzi. Kwa hiyo tofauti ya sauti hizo mbili ina kazi katika Kiswahili. Jaribio hili ni la kawaida, mwanafunzi wa muhula wa kwanza hulijua, na hakuna kinachotuzuia kulitumia katika riwaya.

Wanafunzi wanacho kichekesho kinachozunguka siku hizi kuhusu pazia la buluu. Mwandishi anasema pazia lilikuwa la buluu. Mwalimu anasema buluu ni huzuni isiyo na mwisho ya mhusika. Mwandishi akiulizwa anasema pazia lilikuwa la buluu, basi. Kichekesho hicho ni hojaji ya McAllister iliyofupishwa. Lakini fanya jaribio. Lipake pazia rangi ya kijani, usome tena sura nzima. Hakuna kilichobadilika? Basi lilikuwa pazia, na mwalimu aendelee na mambo mengine. Lakini kama kijani kile kinagongana na gauni la buluu alilozikwa nalo mama mtu katika sura ya pili, na bahari ya buluu iliyommeza baba katika sura ya tano, hapo umekishika kitu, na umekishika kwa ushahidi ulio kwenye kurasa, si kwa kuota, wala kwa kumpigia mwandishi simu.

Sasa lifanye jaribio hilo kwa The Pearl ya John Steinbeck, riwaya fupi ya mwaka wa 1947 ambayo imewahi kuwa miongoni mwa vitabu teule vya Kiingereza katika shule zetu. Jedwali husema: lulu ni tamaa. Haya, ondoa lulu, weka gunia la fedha lililookotwa njiani. Tamaa bado ipo, wezi wapo, daktari mlafi yupo. Lakini umepoteza kitu. Fedha haina uso wa kung'aa ambao Kino, mpiga mbizi maskini, anaweza kuona ndani yake harusi ya kanisani, bunduki, na mwanawe mchanga akisoma kitabu. Na baadaye, akiwa mkimbizi, anapouangalia uso ule ule ili kuziona tena ndoto zake, haoni bunduki bali maiti ya mtu aliyeuawa. Haoni harusi bali uso wa mkewe uliopigwa. Lulu haikubadilika hata chembe. Aliyebadilika ni anayeitazama. Kwa hiyo lulu si tamaa. Kama ni lazima kuipa jina, mimi ningeiita kioo, lakini jina hilo nalo litanaswa katika jedwali la mwaka ujao, kwa hivyo sitalishikilia. Na tusisahau kwamba Steinbeck mwenyewe anatuonya mwanzoni mwa kitabu kwamba huenda kisa hicho ni fumbo, na kwamba pengine kila mtu atatoka humo na maana yake. Mtahini anayedai jibu moja anabishana na ukurasa wa kwanza.

Kuna atakayesema kwamba haya ni mambo ya wenye nafasi, kwamba taifa lina shida kubwa kuliko maana ya lulu na bundi. Mtu huyo nitamkumbusha Novemba 21, 2005. Siku hiyo Wakenya walipiga kura ya maoni kuhusu rasimu ya katiba. Tume ya Uchaguzi ilikuwa imetoa alama mbili ili kuwasaidia wasiojua kusoma: ndizi kwa Ndiyo, chungwa kwa La. Matunda hayo yangeweza kugawanywa kinyume na hakuna ambaye angelalamika. Ulikuwa mfano safi wa kile ambacho Ferdinand de Saussure alikiita unasibu wa ishara. Lakini ndani ya miezi michache watu walikuwa hawauzi tena machungwa sokoni kwa moyo mweupe. Chungwa lilikuwa na mikutano, nyimbo na maadui. Lilishinda, na kutokana nalo kikazaliwa chama kilicholibeba jina lake. Mwaka wa 2010, nchi iliporejea kwenye kura ya maoni, matunda yaliachwa kando. Zikatolewa rangi, kijani na nyekundu.

Saussure alitoa tahadhari moja ambayo wanafunzi wangu huipenda: kwamba taashira haiwi ya nasibu moja kwa moja, kwa mfano mizani ya haki haiwezi kubadilishwa ikawekwa kitu chochote kile, tuseme gari la farasi. Kweli. Ila chungwa linatufundisha kwamba hata ishara iliyoanza kwa nasibu hukoma kuwa ya nasibu watu wakishaitendea jambo. Mwananchi aliyezoezwa darasani kwamba alama huja na maana yake tayari, imeandikwa upande wa kulia wa mstari, huyo hana la kufanya anaponyoshewa tunda, rangi, nyundo au toroli isipokuwa kuuliza wenzake wa nyumbani linasema nini. Aliyezoezwa kuuliza ni nani ameliweka hapa, na lingebadilishwa kingetokea nini, ana mahali pa kuanzia.

(Kwa njia, kitabu hicho cha Saussure, kilichochapishwa mwaka wa 1916, miaka mitatu baada ya kifo chake, hakukiandika yeye. Kilikusanywa kutokana na madaftari ya wanafunzi wake. Ningependa kujua kama kuna daftari la kidato cha tatu linaloweza kuifanya kazi hiyo leo, likiwa na majedwali peke yake.)

McAllister alikuja kuwa mwandishi na mwalimu wa uandishi katika chuo kikuu, kumaanisha kwamba yeye naye aliishia upande ule wa meza. Majibu aliyopokea, takriban 65 kati ya yale 75, bado yapo. Wala sioni kwa nini mwanafunzi wa Kakamega au Voi asiwaandikie watunzi wetu walio hai, maadam anwani za barua pepe ni rahisi kupatikana kuliko zile za mwaka wa 1963. Watakaomjibu watakuwa wachache, na watakachosema hakitamaliza ubishi, lakini atakuwa ameuliza swali lake mwenyewe.

Na wanaotunga mitihani ningewaomba jambo dogo. Swali la "Lulu inaashiria nini?" liondolewe. Mahali pake pawe na hili: Kino aliona nini juu ya uso wa lulu siku aliyoipata, aliona nini siku aliyoitupa baharini, na ni mambo gani yaliyotokea kati ya siku hizo mbili yaliyombadilishia macho yake? Alama 20. Msahihishaji atalazimika kulisoma kila jibu hadi mwisho, kwa sababu hakutakuwa na neno moja la kulitafuta na kulitilia alama ya vema. Hilo litaongeza siku za usahihishaji, na wasahihishaji walipwe siku hizo.